Mizani Ikisimama, Mgonjwa Asilaumiwe

Katika masomo ya lishe hupatikana hesabu moja ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kuifanya bila taabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini, hesabu hiyo husema, huhifadhi nishati ya kalori 7,700 hivi. (Kalori hizi ni zile za chakula, ambazo wanakemia huziita kilokalori.) Basi mtu akila kalori 770 pungufu ya mahitaji yake kila siku, atapungua kilo moja kila baada ya siku kumi. Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi hugawanya, jibu hutoka kamili bila baki, na kipindi huishia hapo kwa furaha.

Laiti mwanafunzi mmoja mtundu angenyosha mkono na kuiendeleza hesabu hiyo mbele kidogo. Mtu mwenye kilo 90, kwa kanuni hiyohiyo, atafikia kilo sifuri baada ya siku 900. Yaani katika muda usiotimia miaka miwili na nusu mtu mzima atakuwa ametoweka kabisa, huku viatu vyake vikibaki mlangoni. Hakuna aliyepata kutoweka kwa namna hiyo. Kugawanya kulikuwa sahihi; kilichokwenda kombo ni dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba mwili hutumia nishati kiasi kilekile siku zote na kwamba hamu ya chakula nayo hukaa palepale ilipoachwa.

Kosa hilo lingeweza kusamehewa kama lingebakia darasani. Lakini wanafunzi hukua, wakawa wauguzi, madaktari, waandishi wa habari, waume na wake za watu, na hesabu hiyo huenda nao. Wanaoumizwa nayo kuliko wote ni watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mtu huyo hupungua upesi kwa miezi kadhaa, kila mtu akimsifu. Halafu siku moja mizani husimama. Wiki hupita, mwezi hupita, mshale ni uleule. Papo hapo sifa hugeuka kuwa shutuma. Yasemwa kwamba ameanza kula kwa siri, kwamba ni mvivu, kwamba fedha zimetupwa bure. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuyasema.

Shutuma hizo, kwa sehemu iliyo kubwa, hazina msingi wa kisayansi. Tena zina madhara, kwani humfukuza mgonjwa hospitalini wakati ule anapoihitaji zaidi.

Inafaa kwanza ieleweke upasuaji wenyewe hufanya nini. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito walianza kuwatibu watu wanene kupita kiasi kwa kutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo na kuiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. (Tumbo hapa ni ule mfuko upokeao chakula kutoka kwenye umio.) Wazo hilo lilitokana na jambo lililokwisha kuonekana wodini: wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko huo walikonda, na wengi hawakunenepa tena. Baadaye madaktari waliuacha muungano wa kitanzi alioutumia Mason, wakafuata ule wenye umbo la herufi Y, ambao asili yake ni kazi ya daktari César Roux wa Lausanne, Uswisi, katika karne ya 19. Chakula hupita katika kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Aina nyingine, ambayo siku hizi ndiyo ifanywayo zaidi duniani, ni kuondoa takriban robo tatu ya tumbo au zaidi na kubakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba siri yote ni udogo wa mfuko: chombo kikiwa kidogo, kitajaa upesi. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1994 huko New York, Jeffrey Friedman na wenzake waligundua leptini, homoni itolewayo na mafuta yenyewe ya mwili ili kuuarifu ubongo akiba imebaki kiasi gani. Mwaka 1999 watafiti wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua grelini, homoni itolewayo zaidi na tumbo, ambayo huamsha njaa. Sehemu ya tumbo iondolewayo ili kubakiza mrija ndiyo hasa itoayo grelini kwa wingi. Na katika upasuaji wa kuruka utumbo, chakula hufika upesi sehemu za chini za utumbo, nazo hutoa kwa wingi homoni za kushibisha. Kwa hiyo kisu cha daktari hubadilisha mazungumzo baina ya tumbo na ubongo, pamoja na kukipunguza chombo. Hayo ndiyo yafanyayo mtu asiyepata kushiba kwa sahani mbili za wali aridhike kwa vijiko vichache.

Sasa mizani husimama kwa nini?

Kusimama kwa kwanza ni kudogo, na hutokea mapema, aghalabu katika wiki ya tatu hivi baada ya upasuaji. Sababu yake ni maji zaidi ya mafuta. Mwili wa mtu mzima huhifadhi wanga katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni, nusu kilo hivi, na kila gramu moja ya glikojeni hufungamana na gramu tatu hivi za maji. Siku za kwanza, mgonjwa anapokunywa vimiminika tu, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka, mizani ikashuka kwa kasi inayowafurahisha watu wa nyumbani. Baadaye kidogo mwili hupata wanga tena, hujaza sehemu ya akiba, hushika maji, na kilo za maji zinazorudi huficha kilo za mafuta zinazoendelea kuondoka. Mgonjwa aliyefundishwa kanuni ya mstari mnyoofu huona maafa. Aliyeambiwa habari ya glikojeni huona wiki mbili za kungoja. Tofauti kati ya wawili hao ni maelezo ya dakika tano kabla ya kutoka hospitalini, nayo hayagharimu chochote.

Kusimama kwa pili ndiko kukubwa. Huja kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, na hakuna maji ya kusingiziwa. Ili kukuelewa, darasa halihitaji maabara ya gharama. Debe moja, msumari wa inchi nne, rula na saa vyatosha. Debe litobolewe tundu karibu na kitako, liwekwe chini ya bomba, na bomba lifunguliwe mpaka maji yaingiayo yalingane na yatokayo, kina kikatulia karibu na ukingo. Hiyo ndiyo hali ya mtu ambaye uzito wake haubadiliki: anakula anachotumia. Kisha bomba lipunguzwe kidogo, na liachwe hivyohivyo bila kuguswa tena, huku mwanafunzi mmoja akisoma kina cha maji kila baada ya dakika mbili na mwingine akiandika. Vipindi viwili vilivyoungana vinahitajika, na subira pia.

Wanafunzi wengi watabashiri kwamba, kwa kuwa maji yaingiayo sasa ni machache kuliko yatokayo, debe litakauka. Halitakauka. Kina kitashuka upesi mwanzoni, kisha polepole, kisha kitatulia tena mahali papya, chini kuliko pa kwanza. Sababu ni kwamba mbubujiko wa tunduni hutegemea kina: maji yakipungua juu yake, shinikizo hupungua, na yatokayo hupungua nayo mpaka yalingane tena na yaingiayo. Hakuna aliyelidanganya debe. Hakuna aliyeongeza maji kwa siri usiku. Mwili mkubwa vilevile hutumia nishati nyingi kwa kuwa ni mkubwa: moyo husukuma damu kwenye eneo pana zaidi, miguu hubeba mzigo mzito zaidi kwa kila hatua. Mzigo ukipungua, matumizi hupungua. Mchoro wa kina cha maji, ukitandazwa kando ya mchoro wa uzito wa mgonjwa aliyepasuliwa, utafanana nao kiasi cha kumshangaza hata mwalimu.

Hata hivyo mwili ni mjanja kuliko debe, kwa namna mbili. Kwanza, tundu lenyewe hujikaza. Jambo hilo lilionekana wazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1945, ambako Ancel Keys aliwalisha chakula pungufu vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa wiki 24. Walipoteza robo ya uzito wao hivi, na nishati iliyotumiwa na miili yao katika mapumziko ilishuka kwa karibu asilimia 40. Yaani ilishuka zaidi ya uzito. Walihisi baridi wakati wengine wana joto, walitembea polepole, na baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi, jambo ambalo halikuwa desturi yao. Mwili unapoona akiba inapungua huanza kubana matumizi, kama mwenye duka aonaye magunia ya mwisho yakifikiwa.

Namna ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza, nayo ni mkono usioonekana unaolifungulia bomba. Ushahidi wake ulichapishwa mwaka 2016 na Kevin Hall na wenzake wa Marekani, kwa njia ambayo mwalimu wa sayansi hana budi kuipenda kwa werevu wake. Walichunguza takwimu za wagonjwa wa kisukari waliotumia dawa iitwayo kanagliflozini, ambayo hufanya sukari itoke mwilini kwa njia ya mkojo, gramu 90 hivi kwa siku, sawa na kalori 360 hivi. Mgonjwa hahisi hasara hiyo. Hajinyimi chakula, wala hakuambiwa kama alichopewa ni dawa au kidonge kitupu. Kwa hesabu ya ubaoni, kalori 360 kila siku kwa mwaka mzima ni kilo 17. Walipungua kilo tatu au nne tu, kisha mizani ikasimama. Bila wao kujua, walikuwa wameanza kula zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kwa kila kilo moja iliyopotea, hamu ya chakula iliuvuta mwili kuelekea kalori 100 zaidi kwa siku, ilhali matumizi ya nishati kwa kila kilo hupungua kalori 20 au 30 tu.

Hapo wenye kulaumu wangetakiwa watue kidogo. Watu wale hawakuwa wameahidi lolote, hawakuwa na nia dhaifu wala imara. Hawakujua hata kwamba kuna vita. Hata hivyo mwili ulipima upungufu ukaufidia. Nguvu hiyo ipo kwa kila mtu, mwembamba na mnene, na bila shaka ndiyo iliyowafikisha mababu upande wa pili wa miaka ya ukame.

Upasuaji huudhoofisha mkono huo, lakini hauukati. Ndiyo maana mtu anayejinyima chakula tu hufika kwenye tambarare yake mnamo miezi sita au minane, akiwa amepungua kidogo, ilhali aliyepasuliwa hufika baada ya mwaka mmoja hadi miwili, akiwa amepungua sana. Tambarare zenyewe ni za namna moja; kinachotofautiana ni kina. Kumlaumu aliyepasuliwa kwa kufika kwenye tambarare ni sawa na kulilaumu jiwe lililotupwa kisimani kwa kufika chini.

Takwimu bora za jambo hili zimetoka Uswidi. Kuanzia mwaka 1987 watafiti wa huko, wakiongozwa na Lars Sjöström, waliandikisha watu 2,010 waliochagua upasuaji na wengine 2,037 wa kulinganishwa nao, ambao walitibiwa kwa njia za kawaida bila kupasuliwa, wakawafuata kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kuruka utumbo walifikia upungufu mkubwa kuliko wote katika mwaka wa kwanza au wa pili, asilimia 32 ya uzito wao wa awali kwa wastani. Baada ya miaka kumi upungufu ulikuwa asilimia 25. Wale wasiopasuliwa, muda wote huo, walibaki karibu palepale walipoanzia, kwa tofauti isiyozidi asilimia mbili juu au chini.

Tarakimu hizo zastahili kutazamwa na mtu mwenye kalamu mkononi. Mathalani mama mwenye kilo 140. Asilimia 32 humfikisha kwenye kilo 95. Asilimia 25, miaka kumi baadaye, ni kilo 105. Mtaani kilo 105 bado ni mtu mnene. Jirani aliyemwona alipokuwa kwenye 95 atasema amerudia ulaji wake wa zamani. Lakini mama huyo hajabeba kilo 35 kwa miaka kumi: hajapanda nazo ngazi, hajalala nazo, moyo wake haujazisukumia damu. Na faida haikuishia kwenye magoti. Katika muda wa wastani wa karibu miaka 11, watu 129 wa kundi lisilopasuliwa walifariki, na 101 wa kundi lililopasuliwa. Faida hiyo iliwafikia watu ambao wengi wao walikuwa kwenye tambarare kwa miaka minane au tisa, mizani zao zikiwa zimesimama au zimepanda kidogo. Tambarare ndiko waliko kaa na kupona.

Upasuaji huu sasa hufanywa Nairobi na Dar es Salaam, na wapo wanaosafiri hadi India kuufuata. Haja yake inaongezeka: uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, wakiwamo wale walionenepa kupita kiasi. Si kila mmoja wao ahitaji kisu. Walio wengi hawakihitaji. Lakini kadiri wanaopasuliwa wanavyoongezeka, ndivyo wanaofika kwenye tambarare wanavyoongezeka, na jamii inayowapokea ina macho yake. Katika nchi hizi, ambamo miaka ya 1980 kukonda ghafla kulikuwa ishara ya ugonjwa wa kutisha, aliyepasuliwa huulizwa kwanza anaumwa nini. Akiisha kusimama, huulizwa fedha zake zimekwenda wapi. Hapo katikati hapana mwezi hata mmoja wa amani.

Madhara ya lawama huonekana kliniki. Mgonjwa aliyeaibika hukwepa siku ya kupimwa, kwa kuwa anajua mizani itamshitaki. Naye akikosa kliniki hakosi kupimwa uzito tu. Aliyepasuliwa, hasa wa kuruka utumbo, hufyonza kwa shida madini ya chuma, kalisi, na vitamini B12 na D. Huhitaji vidonge na vipimo vya damu maisha yake yote. Upungufu wa B12 huja kimyakimya baada ya miaka, na ukichelewa kugunduliwa huharibu neva. Mwingine, kwa hofu ya mizani, huamua kujinyima hata kile kidogo anachoweza kula. Akianza kutapika mfululizo na kukosa vitamini B1, ubongo waweza kudhurika katika muda wa wiki chache tu: macho hucheza, miguu huyumba, kumbukumbu hupotea. Mtu aliyekwenda kuponywa unene akaishia kuwa kilema kwa sababu ya aibu ni hasara ambayo hakuna takwimu ya kilo inayoweza kuifuta.

Kwa sababu hiyo daktari anayepasua na kumruhusu mgonjwa aende na karatasi ya uzito peke yake amefanya nusu ya kazi. Gharama ya upasuaji ingepasa kuhesabiwa pamoja na kliniki za miaka inayofuata, mtaalamu wa lishe, vidonge na maabara. Asiyeweza kupata hayo ni afadhali aambiwe mapema, kabla ya kisu. Nao waliopasuliwa ughaibuni wanahitaji mahali pa kupokelewa wanaporudi. Barua ya daktari wa mbali, iliyoandikwa kwa ufupi na kusomwa na mtu asiyejua ni utumbo gani uliounganishwa na upi, haimfai mtu.

Watakuwapo watakaosema kwamba hoja hizi ni kuwafungulia watu mlango wa visingizio. Pingamizi hilo lina uzito wake na halifai kupuuzwa. Mizani kusimama ni jambo moja. Mizani kupanda mwezi baada ya mwezi ni jambo lingine, na la pili lina sababu zinazoweza kutafutwa. Kifuko kidogo huzuia ugali na nyama, lakini hakizuii vimiminika. Soda, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, juisi na aiskrimu huteremka bila kushibisha, na siku nzima ya kuonja kidogo hapa na kidogo pale yaweza kuzidi milo mitatu. Pombe, pamoja na kalori zake, humpanda kichwani aliyepasuliwa upesi kuliko zamani, na baadhi yao huzama humo. Dawa fulani huongeza uzito, zikiwamo insulini, dawa za jamii ya kotisoni na baadhi ya dawa za maradhi ya akili. Mara chache tatizo ni la kiufundi, kama vile kifuko kilichotanuka au njia iliyojifungua tena kati ya kifuko na tumbo la zamani. Yote hayo hugunduliwa kwa kuuliza na kupima. Ila mtu huulizwa akiwepo, na anayetarajia kukaripiwa hawezi kuwepo.

Aliye kwenye tambarare ya kweli naye ana kazi ya kufanya, ijapokuwa kazi hiyo si ya kuisukuma mizani. Protini ndiyo ya kwanza, gramu 60 kwa siku au zaidi kidogo kwa kawaida, kutokana na mayai, samaki, dagaa, maharage na maziwa ya mtindi, nayo iliwe kabla ya wanga, kwani nafasi ni ndogo. Pamoja nayo yafaa mazoezi ya nguvu: kuinua, kusukuma, kupanda. Mwili unapokonda haukondi mafuta peke yake. Huchukua na misuli, na misuli inayotumika ndiyo inayosalimika. Hapo hutokea jambo ambalo mizani haiwezi kulisimulia: misuli ikiongezeka huku mafuta yakipungua, mshale hausogei, ilhali futi ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni yasema mengine. Kiuno, shinikizo la damu, sukari ya damu na idadi ya dawa zilizoachwa ni vipimo vinavyostahili kuandikwa kwenye karatasi ileile ya uzito, tena juu yake.

Kuhusu dawa mpya, kama semaglutaidi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, baadhi ya madaktari huwaongezea wale ambao uzito umeanza kurudi. Dawa hizo huiga homoni ya kushibisha, kwa hiyo huushika mkono uleule wa bomba. Zinapoachwa, uzito hurudi kwa sehemu kubwa. Jambo hilo, kwa kweli, ni ushahidi mwingine wa hoja ileile, kwani hakuna mwenye akili awezaye kudai kwamba nia ya mtu huja na sindano na kuondoka nayo.

Shuleni yatosha kubadilisha swali. Mtahini anayetaka kujua kama mwanafunzi ameielewa nishati hana haja ya kumpa tena kalori 770 za kugawanya. Ampe uzito wa kilo 140 mwanzoni, 95 baada ya mwaka mmoja na nusu, na 105 baada ya miaka kumi. Amwambie achore mchoro, kisha aeleze kwa sentensi nne kwa nini mstari haukuendelea kushuka. Mwanafunzi atakayeandika kwamba mgonjwa aliacha kujitahidi asipewe alama yoyote, na aelekezwe nje, liliko debe.